Plaketi za Gari ya Sefu

Kijiwe chetu kilikuwa ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, katika kona ya mtaa wa Kabondo, ukitazamana na lango la garaji. Mama Aziza alileta kahawa ya tangawizi saa kumi na moja za jioni, watu wakitoka kazini, pamoja na mikate ya kukaanga iliyofunikwa kwa kitambaa. Tuliokaa hapo kila siku tulikuwa watatu. Évariste tulimwita Amiral, kwa sababu alipika miaka kumi na tisa katika meli ya mtoni akaanza kuongea kama mtu aliyeshika usukani. Lambert tulimwita Docteur; alifagia duka la dawa mpaka mwenye duka alipokimbia, yeye akabaki na koti jeupe. Mimi, Asumani, niliitwa Compteur, maana kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kusoma mita za umeme wa maporomoko ya Tshopo. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 1964. Uhuru ulikaribia kutimiza miaka minne, na sisi tulikuwa na jibu la kila jambo.

Jioni ile Sefu alivuka barabara akiwa na maboksi mawili madogo mkononi. Sefu alikuwa fundi wa garaji, kijana wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye mafuta ya gari chini ya kucha hata siku ya Idi. Patron wake, Mbelgiji mwenye garaji, aliondoka mwanzoni mwa 1961. Aliacha funguo juu ya meza, na nyuma ya garaji akaacha gari yake ya michezo: viti viwili, rangi ya kijani, fupi hata mbuzi angeiruka. Siku za kazi Sefu aliitumia kupeleka barua, dawa na msafiri mmoja mmoja kwenye njia ya Yangambi. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake.

— Wazee, mbote, akasema Sefu. Niko na shida.

— Kaa kwanza, Amiral akamjibu. Shida ya mutu mwenye amesimama haisikilikake muzuri.

Sefu akakaa. Akaweka maboksi juu ya ubao, moja lenye mstari wa buluu, jingine lenye mstari mwekundu.

— Tarehe makumi tatu, siku ya uhuru, kuko mbio ya magari. Kuzunguka tour makumi mbili. Kutoka ku posta, kandokando ya mto, mpaka rond-point, kwenye njia zinakutana, na kurudia. Kila mwaka ni Wagiriki na Waportugezi tu. Mwaka huu nimejiandikisha.

Katika mji wetu hakuna mtu mweusi aliyewahi kushindana katika mbio hizo. Tulikuwa tukisimama nyuma ya kamba, tukishangilia magari ya wengine.

— Bon, akasema Docteur. Na shida?

— Plaketi.

Plaketi ni vile vibao vidogo vya freni, viwili kwa kila gurudumu la mbele, vinavyobana sahani ya chuma mpaka gari isimame. Sefu akafungua boksi la buluu, akakwaruza kibao kwa ukucha. Ukucha uliacha alama.

— Hizi njo za barabara. Ziko laini. Ukikanyaga tu, zinashika, hata asubuhi mapema. Lakini juzi nilijaribu njia ya mbio. Tour ya tatu zikapata moto, zikaanza kunuka, na pale pa kukata kona ya mto nikakanyaga. Mguu inafika, gari haisikie. Nilienda kuingia mu maua ya posta.

— Na za nyekundu?

— Za mbio. Ziko ngumu. Zikipata moto, njo zinashika muzuri zaidi. Lakini zikiwa baridi ni kama kufinya chuma na ubao. Patron alikuwaka anazungusha gari kwanza, anakanyagakanyaga, halafu njo anaingia mu course.

— Alors, weka nyekundu siku ya mbio, nikasema. Kesho yake rudisha buluu.

— Njo shida yenyewe, tonton. Bulo, zile skrubu za kushikilia freni, zimekwisha meno. Nimezifungua mara mingi sana. Nikizikaza mara hii, siwezi fungua tena mpaka nipate zingine, na zilikuwa zinatokaka Ulaya. Donc lazima nichague moja, ibaki. Hiyo hiyo ya mbio, hiyo hiyo ya barabara.

Docteur akachukua boksi jekundu, akalisogeza mbali na macho, kisha karibu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Alisoma kimyakimya kwa muda mrefu.

— Inasema nini? akauliza Sefu.

— Inasema ni muzuri.

— Patron alikuwa anachagua namna gani? nikauliza.

— Alikuwa anachagua tu, akasema Sefu. Mimi nilikuwa nashikilia taa.

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. Lakini niliona aibu kwa niaba yake, na nadhani wenzangu waliona pia, kwa sababu baada ya hapo hakuna kati yetu aliyeweza kusema "sijui".

Docteur akaanza.

— Sikiliza. Moto ya freni ni homa. Hii ya buluu ni mutu muzaifu, jua kidogo tu, homa. Hii nyekundu imekwisha kupata chanjo. Na wahenga walisema, dawa ya moto ni moto.

— Haiko homa, akasema Amiral. Mimi niliishi ku meli. Meli haina freni hata moja. Inasimama na nini? Na nanga. Na nanga iko ngumu. Nani alionaka nanga ya kwanga, ya unga ya muhogo? Chukua nyekundu. Mwenda pole hajikwai.

— Amiral, hiyo methali inamwambia aende pole, nikasema. Yeye anaenda ku mbio.

— Njo vile. Ataenda pole ku kona, haraka ku njia. Na kuko kitu kingine. Bendera ya wakoloni ilikuwa rangi gani? Buluu. Hii ya sasa wameongeza mustari gani pale katikati? Nyekundu. Unafikiri ni bure?

— Unaweza kutia pia mu mafuta ya mawese, usiku moja, akaongeza Docteur. Inafungua matundu ya ngozi.

— Mafuta ku freni, Docteur? akasema Sefu, akicheka.

— Kidogo tu.

Kisha ikawa zamu yangu, na zamu hiyo sijaisahau. Mimi nilikuwa na ujuzi wa kweli, mdogo lakini wa kweli. Ndani ya kila mita ya umeme kuna sahani nyembamba inayozunguka, na kando yake kuna sumaku inayoizuia isikimbie ovyo. Wahandisi wa kampuni walinieleza hilo nilipoanza kazi. Nikamwambia Sefu:

— Mimi naonaka freni kila siku, mu kila nyumba. Sahani ikienda polepole, sumaku haisumbuke. Sahani ikikimbia, njo sumaku inashika na nguvu. Kadiri mwendo, kadiri freni. Plaketi zako za nyekundu ni vile vile. Freni ya kweli inangojaka kazi. Weka nyekundu.

Sefu alinigeukia. Nilimwona akilishika neno hilo. Ya homa na ya nanga yalimchekesha, lakini la sumaku aliliamini, kwa sababu lilikuwa na harufu ya ufundi.

Mama Aziza alikuwa anamimina kahawa.

— Na siku ya mvua? akauliza. Asubuhi, baridi?

— Mama Aziza, kikombe yangu iko na ufa, akasema Docteur.

Sefu akanywa kahawa yake mpaka chini. Akatuuliza mara moja tena:

— Wazee, munasema nyekundu?

Tukasema nyekundu, watatu kwa sauti moja.

Akafunga zile nyekundu kesho yake. Nilisimama langoni nikimtazama akikaza bulo ya mwisho polepole, huku ameinamisha sikio kama anayesikiliza moyo wa mgonjwa.

Tarehe thelathini jua lilikuwa kali. Mji wote ulijipanga kandokando ya mto. Sefu alianza wa mwisho, na katika mizunguko miwili ya kwanza watu walimcheka, kwa sababu alifunga breki mapema sana, akikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Tulijua anazipasha moto. Mzunguko wa nne akaanza kupita. Wagiriki walipunguza mwendo mbali na kona ya mto, na yeye akaja mpaka karibu kabisa, hata akina mama walifumba macho, kisha gari ikasimama pale pale alipotaka na kugeuka. Alimaliza wa pili. Aliyeshinda alikuwa na gari yenye injini mara mbili ya ile, lakini watu hawakumbeba aliyeshinda. Walimbeba Sefu, kutoka posta mpaka Kabondo.

Jioni alikuja kijiweni na kikombe cha bati alichopewa. Akakiweka mbele yetu.

— Ni ya wazee, akasema.

Amiral alikikataa kwa adabu, kisha akakipeleka kwake nyumbani. Wiki nzima tuliwaeleza wapita njia jinsi tulivyochagua plaketi. Kila tulipoeleza, sehemu ya Sefu ilipungua.

Wiki ya tano baada ya mbio, waasi walioitwa Wasimba waliingia mjini. Wanajeshi wa serikali walikuwa wamekwisha kukimbia. Wapiganaji wengi walikuwa vijana, wamevaa majani na ngozi kichwani, wanaamini maji ya dawa yanageuza risasi. Siku za kwanza watu wengine waliwapokea kwa nyimbo, kwa sababu uhuru wa miaka minne ulikuwa haujafika jikoni mwao. Kisha wakaanza kuwachukua makarani, walimu, watu wa chama kile na kile. Docteur alilizika koti lake jeupe nyuma ya choo. Mimi nilitupa daftari langu la mita mtoni, maana mtu mwenye kalamu mfukoni alihesabiwa mwenye elimu, na mwenye elimu alihesabiwa adui. Kijiwe kiliendelea, lakini tuliongea mambo ya mboga ya pondu na mvua tu.

Malori yote ya garaji yalichukuliwa. Waliiona pia gari ya Sefu. Mkubwa wao alijaribu kuingia na bunduki yake, magoti yakamgusa kidevu, wenzake wakacheka. Akatoka akasema kagari kale ni ka mtoto. Wakaiacha.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba, mwezi wa tisa, gari iliyobaki ikitembea katika mtaa wetu ilikuwa ile tu. Jioni moja muuguzi aliyeitwa Hélène akaja kijiweni kumtafuta Sefu. Alikuwa mama mfupi wa makamo, mwenye sauti ya chini.

— Ku Yangambi wazazi, wamama wenye kuzaa, wanakufa, akasema. Wanawake watatu wiki hii, damu haisimame. Niko na dawa, nimeificha. Wasimba wamenipa karatasi na tampon, muhuri yao, njia hawatanisumbua. Nimekosa gari.

Sefu hakufikiri muda mrefu.

— Kesho asubuhi, saa kumi na mbili.

Alipoondoka yule mama, Sefu alibaki amekaa. Tope la mvua ya mchana lilikuwa limejaa barabarani.

— Wazee, akasema. Zile nyekundu. Tangu mbio sijaenda na mvua njia mrefu. Mu mji naendesha polepole, nakanyagakanyaga kama vile patron. Lakini kule ku mto Lindi kuko muteremuko ya bac.

Bac ni lile jukwaa la kuvushia magari, na ili ulipande unashuka ukingo wenye mteremko mkali mpaka majini.

— Ulishinda Wagiriki, akasema Docteur. Unaogopa Lindi?

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Amiral. Mutakuwa wawili mu gari.

Wote wakacheka kidogo, na Sefu naye. Kisha akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyemwambia habari ya sumaku.

— Itashika, nikasema. Freni ya kweli inangojaka kazi.

Akainuka, akasema asante, akavuka barabara.

Siku sita hatukusikia habari. Siku ya saba Hélène alirudi, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, akakaa kati yetu kwenye ubao bila kuulizwa. Mama Aziza akampa kahawa. Aliishika bila kuinywa.

— Mvua ilianza tukiwa bado karibu ya mji, akasema. Njia ilikuwa sawasawa, mu pori, hakuna mutu, hakuna gari ingine. Aliniuliza kama naogopa mwendo. Nikamwambia kule kuko mutu anakufa, aende. Akaenda. Hakugusa freni hata mara moja. Hakukuwa sababu ya kugusa.

— Na ku bac? nikauliza.

— Njia inakata kona, halafu unaona maji. Bac ilikuwa ngambo. Alikanyaga. Niliangalia mguu yake, ilifika chini. Akaniambia, "Zimelala." Alisema polepole tu, vile unasema mutoto amelala. Akakanyaga tena. Akavuta ile ya mukono, gari ikageuka kidogo mu matope lakini ikaendelea kushuka. Halafu akanipita na mukono yake, akafungua mulango yangu, akanisukuma.

Aligeuza kikombe mkononi.

— Nilianguka na boksi ya dawa. Niliposimama, gari ilikuwa imekwisha kuingia. Ilielea kwanza. Niliona kichwa yake. Nilifikiri atatoka. Maji ilikuwa mingi, mwezi wa tisa munajua. Halafu hakuna tena.

— Na dawa? akauliza Mama Aziza.

— Chupa ine zilipona. Wavuvi wakanivusha na pirogue, nikatembea, nikapata baiskeli. Wanawake wawili walipona. Njo maana nimechelewa kuwaambia.

Wavuvi walimpata Sefu siku ya pili, pale Lindi inapoingia mto mkubwa. Wazee wa msikiti walimtambua, wakamzika. Sisi watatu hatukujua, hata mazishi yake yakapita.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimemwambia kijana nusu ya ninachokijua. Sumaku ya mita hushika kwa nguvu sahani inapokimbia, hilo ni kweli. Lakini sahani inapokwenda taratibu, sumaku karibu haipo. Ukiizungusha kwa kidole, hutasikia kama kuna kitu kinachozuia. Nusu hiyo ya pili niliijua tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Nilikuwa nimeishika mdomoni pamoja na nusu ya kwanza, nikatoa ile iliyonipendeza, kwa sababu ilinipa sura ya fundi mbele ya fundi. Sefu alijua vibao vyake vikiwa baridi havishiki. Alitueleza mwenyewe. Alichotaka kwetu ni mtu mmoja mwenye umri amwambie kwamba anavyoogopa ndivyo ilivyo.

Wasimba waliondolewa mwezi wa kumi na moja, kwa ndege na askari wa kigeni, na siku hizo sitazisimulia hapa. Waliokufa walikuwa wengi, hata mtu mmoja aliyezama Lindi akawa hana nafasi katika maongezi. Miezi kadhaa ikapita. Mama Aziza alirudi na birika lake, kahawa ikiwa nyepesi kuliko zamani. Tukarudi nasi. Lango la garaji lilikuwa limefungwa kwa waya.

Na tulipoanza kuongea tena, tuliongea juu ya Sefu, lakini si jinsi ilivyopasa. Jioni moja katikati ya mwaka 1965 tulikuwa tumefika mbali sana.

— Ni matope, akasema Docteur. Hata ungetia freni ya treni. Matope ya Lindi iko na mafuta ndani.

— Haiko matope, akasema Amiral. Ni watu wa bac. Bac inapaswa kungojaka upande wa mwenye anakuja. Ku meli, kitu kama hicho, unafukuzwa.

— Watajuaje nani anakuja?

— Kazi ni kujua.

— Basi ni ile karatasi ya Wasimba, akasema Docteur. Ile tampon ilipigwa na wino ya dawa. Gari yenye kubeba ile karatasi haiwezi kusimama mbele ya maji, inafuata maji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na freni ni mambo ya mguu.

— Mgiriki, akasema Amiral. Ule mwenye Sefu alimupita ku kona. Alienda Isangi kuona muganga wa mambo ya mto. Binamu yangu alimuona. Mto iliitwa, ikaja kuchukua.

Wakanitazama, zamu yangu. Nilijua cha kusema. Nilikuwa nacho miezi yote ile.

— Ni bulo, nikasema. Bulo zilikuwa zimekwisha meno. Patron angetuma bulo zingine, hakungekuwa kitu.

Wote wawili wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, inawezekana ni bulo.

Mwishoni mwa ubao alikuwa amekaa mwanamke aliyekuja tulipokuwa katikati ya maongezi ya matope. Tulidhani ni mteja wa kahawa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mtandio umefungwa vizuri, na kifurushi cha safari miguuni. Alikuwa ametusikiliza mpaka mwisho.

— Shikamoo, wazee, akasema. Ninyi njo Amiral, na Docteur, na Compteur?

Tukaitika, tukiwa na furaha kidogo ya kujulikana.

— Miye ni Zaina. Nimetoka Kindu. Njia ilikuwa imefungwa, njo nimefika sasa. Sefu ni ndugu yangu. Mama alipokufa, miye njo nilimulea.

Mama Aziza aliweka birika chini. Docteur akasema pole. Zaina alifungua ncha ya mtandio, akatoa barua iliyokunjwa mara nyingi, iliyolainika kama kitambaa.

— Aliniandikia mwezi ya saba, mwaka jana, baada ya mbio. Nilikuwa nimemwandikia kwanza, nikamwambia niko na woga, ile gari iko ya wazungu, na patron alienda, nani atamufundisha. Akajibu hivi.

Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

— "Dada, usihangaike. Siko peke yangu. Niko na wazee watatu, kila jioni tunakunywa kahawa, wananieleza mambo ya gari. Walinichagulia plaketi, na ziko muzuri. Siku utakuja utawaona."

Akaikunja barua, akairudisha ndani ya mtandio, akafunga fundo. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alitutazama jinsi mtu anavyowatazama waliomtunza nduguye, kwa heshima, akitaka tu kuelewa.

— Munielezee vizuri, ju nirudi kuwaambia wenzangu kule nyumbani, akasema. Katikati yenu watatu, ni nani anaendeshaka gari?

Amiral aliangalia mikono yake. Docteur alichungulia ndani ya kikombe chake. Mimi nilikuwa mtu wa baiskeli. Maisha yangu yote sijawahi kukaa upande wa usukani, hata gari ikiwa imesimama, na wao pia vivyo hivyo.

Zaina alingoja. Barabarani watu walipita na baiskeli zao, wengine wakatusalimu, nasi hatukuitika. Alingoja kuliko inavyompasa mgeni kungoja. Kisha akachukua kifurushi chake na kuuliza njia ya makaburi ya Waislamu, na hata hiyo hatukuweza kumwonyesha, maana kaburi la Sefu hatukuwahi kulizuru. Mama Aziza ndiye aliyefuta mikono yake kwa kanga, akamshika mkono, akaenda naye.